Linux imegoma kuwaka: hali ya uokoaji, flashi ya kuwashia, au kupiga upya?

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu yake wiki mbili kabla ya mitihani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa vizuri akaanza: "Mwanangu, natoka kwa fundi. Anasema hapa hakuna dawa ila kupiga upya. Na ndani mna maswali niliyoyatunga miaka sita." Nikamwambia, "Usikubali bado, mama. Tuiwashe tusome inasema nini." Ilisema wazi kabisa: `You are in emergency mode`. Mistari michache juu yake kulikuwa na lalamiko kwamba kuna diski haikuonekana. Ilikuwa diski ya nje aliyozoea kuichomeka. Mtu aliiandika kwenye faili ya `/etc/fstab`, orodha ya diski ambazo mfumo huzitafuta unapowaka, kana kwamba ni kiungo cha mashine, na siku hiyo ilibaki nyumbani. Nikaongeza neno moja kwenye mstari huo, `nofail`, tukaizima na kuiwasha. Dakika nne tu.

Fundi yule hakusema uongo. Kupiga upya kungeiwasha ile mashine. Kungefuta pia kazi ya miaka sita, na kungefuta dalili zote za ugonjwa, hivyo kama chanzo kingekuwa diski inayokufa, tungekutana tena baada ya mwezi kwa tatizo lilelile. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na linaniuma kila ninapoliona, kwa kuwa njia ziko tatu na kila moja ina siku yake.

Hali ya uokoaji ni kuuwasha mfumo uleule uliogoma, lakini kwa uchache: bila madirisha, mara nyingi bila mtandao, wewe na amri zako. Flashi ya kuwashia ni kuleta mfumo mwingine mzima kwenye USB, ukafanyia kazi humo huku diski yako imelala pembeni, unaichungulia bila kuiamsha. Kupiga upya ni kuifuta diski na kusakinisha mfumo upya, sawa na kubomoa nyumba na kujenga nyingine kwenye kiwanja kilekile. Swali linalozitenganisha ni moja, na ningependa ulishike kuliko amri yoyote nitakayoitaja: diski yako bado inaaminika? Njia ya kwanza na ya tatu zote huandika kwenye diski hiyo. Ni ya kati tu inayoweza kuiacha ipumzike.

## Imekwama wapi?

Linux huwaka kwa hatua. Fimwea ya ubao, ile programu iliyomo ndani ya kifaa chenyewe, huiita GRUB, programu ya kuwashia yenye menyu ya kuchagua mfumo. GRUB huipakia keneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na kifurushi kidogo cha kuanzia kiitwacho initramfs. Keneli huitafuta diski, ikiipata huanzisha systemd, msimamizi wa huduma, naye systemd huamsha huduma moja baada ya nyingine mpaka ukurasa wa kuandika nenosiri. Ukijua imekwama hatua ipi, nusu ya uchaguzi umeshafanyika.

Ikiwa hata nembo ya mtengenezaji haitokei, acha kwanza habari za Linux. Hapo ni umeme, RAM au ubao wenyewe. Ikisimama kwenye `grub rescue>`, GRUB imepoteza faili zake, na kwa kuwa hali ya uokoaji mlango wake ni hiyohiyo GRUB, mlango umefungwa: chukua flashi. Ukiona `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`, usitishwe na urefu wa maneno. Mara nyingi maana yake ni kwamba keneli mpya iliwekwa lakini initramfs yake haikukamilika, na chanzo cha kawaida ni patisheni (sehemu ya diski) ya `/boot` iliyojaa keneli za zamani. Kabla ya njia yoyote kati ya tatu, fungua menyu ya GRUB, ingia `Advanced options`, uchague keneli ya kabla ya sasisho. Ikiwaka, futa za zamani kwa `apt autoremove`, kisha utoe `update-initramfs -u -k all` na `update-grub`. Kazi imekwisha, wala hukuhitaji flashi.

Keneli ya zamani ndiyo jaribio langu la kwanza pia pale kioo kinapobaki cheusi baada ya sasisho kwenye mashine yenye kadi ya NVIDIA. Draiva ya kadi hiyo hujengwa kwa kila keneli, na ikishindwa kujengwa unabaki na giza. Ikiwa keneli ya zamani haipo, bonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha F10. Kabla ya hiyo F10 futa na maneno `quiet splash`, maana hayo ndiyo yanayoficha ujumbe nyuma ya picha ya kupendeza.

Halafu kuna ile hali inayowachanganya wengi: mashine inafika kwenye ukurasa wa kuingilia, unaandika nenosiri sahihi, inakurudisha palepale. Watu hudhani nenosiri limebadilika. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwenye ukurasa wa maandishi matupu, toa amri `df -h`. Mara nyingi utakuta asilimia 100.

## Hali ya uokoaji: haraka, na haili bando

Kuifikia, gusa Esc wakati mashine inaanza kuwaka kama ni ya UEFI, fimwea ya kisasa, au shikilia Shift kama ni ya BIOS ya zamani, mpaka menyu ya GRUB itokee. Ukizidisha Esc ukaangukia kwenye `grub>`, andika `normal`, piga Enter, na papo hapo gusa Esc mara moja. Kwenye Ubuntu na jamaa zake utakuta mstari wenye maneno `recovery mode` ndani ya `Advanced options`. Kwingineko bonyeza `e` na uongeze `systemd.unit=rescue.target` mwishoni mwa mstari wa `linux`.

Humo ndani kuna daraja mbili na watu huzichanganya. Daraja la `rescue.target` hupandisha mifumo yote ya faili iliyomo mashineni na kuamsha huduma chache za msingi. Daraja la `emergency.target` hupandisha mzizi (`/`) peke yake, tena kwa kusomwa tu. Kwa hiyo ukijikuta huko na kila unachokihariri kinakataa kuhifadhiwa, usidhani diski imekufa. Toa kwanza amri hii:

`mount -o remount,rw /`

Njia hii ndiyo tabibu wa makosa ya maandishi. Kosa la `fstab` lina dalili yake: mashine inahesabu mpaka dakika moja na nusu ikisubiri diski, `A start job is running for...`, kisha inakutupa kwenye hali ya dharura. Linganisha UUID, namba za utambulisho wa patisheni, zilizomo kwenye `fstab` na zile zinazotajwa na `blkid`. Isiyolingana ndiyo mkosaji. Kwa diski yoyote ya nje weka `nofail` tangu siku ya kwanza.

Inatibu pia sasisho lililokatika katikati, na hili kwetu ambako umeme hukatika bila kuaga si jambo la nadra. Kwenye Debian na Ubuntu amri ni mbili, kwa mpangilio huu: `dpkg --configure -a`, halafu `apt --fix-broken install`. Ya kwanza humalizia vifurushi vilivyoachwa nusu, ya pili huziba mapengo ya vile vinavyokosekana. Ya kwanza hufaulu bila intaneti. Ya pili huenda ikahitaji kupakua.

Na inatibu diski iliyojaa. Ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu, root, peke yake, na ndiyo sababu wewe hushindwa kuingia kwa akaunti yako ilhali root bado anapumua. `du -xhd1 /` itakuonyesha folda gani imevimba, nawe uifuate ngazi kwa ngazi. Mara nyingi ni logi: `journalctl --vacuum-size=200M` huzipunguza bila kuharibu kitu. Ikiwa `df -h` inaonyesha nafasi ipo na bado mfumo unalia kwamba hakuna, jaribu `df -i`. Huenda ingizo za faili ndizo zilizokwisha, si nafasi, na hilo hutokea pale programu inapomwaga faili ndogondogo kwa mamilioni.

Kabla ya kutoka humo, soma `journalctl -b -1 -p err`. Huo ni ujumbe wa makosa wa mara ya mwisho kabla ya hii, yaani ushuhuda wa mashine yenyewe kuhusu saa iliyougua. Ikiwa `journalctl --list-boots` inakuonyesha mara moja tu, logi zako hazihifadhiwi. Unda folda ya `/var/log/journal` ili siku nyingine ushahidi uwepo.

Mipaka yake? Inategemea GRUB iwe hai, na inategemea programu za mfumo uleule unaoutibu, kwa hiyo maktaba za msingi zikiharibika hakuna amri itakayoitika. Kwenye Debian kuna mtego zaidi: uliposakinisha, ukiacha nenosiri la root wazi ili utumie `sudo`, hali ya uokoaji huweza kukugomea kwa `Cannot open access to console, the root account is locked`. Hapo utaongeza `init=/bin/bash` kwenye mstari wa `linux`, au uende kwenye flashi. Na kwa kuwa yeyote anayekaa mbele ya kibodi anaweza kuyafanya haya yote, nenosiri lako la kuingilia silo linalolinda faili. Kinachozilinda ni kuifumba diski kwa nenosiri lake yenyewe, kwa LUKS.

## Flashi ya kuwashia: ile ninayoianza nikiwa na shaka

Ningeambiwa nibaki na njia moja, ningebaki na hii. Uzuri wake wa kwanza hauhusu kutengeneza, unahusu kujua. Flashi ni shahidi asiye na upande. Wi-Fi haifanyi kazi kwenye mfumo wako: washa kwa flashi. Ikifanya kazi humo, kadi ni nzima na kosa liko kwenye draiva au mipangilio yako. Isipofanya kazi hata humo, soma `lspci -nnk` uone kama kadi inatajwa na kama chini yake kuna `Kernel driver in use`. Kadi inatajwa bila draiva: tafuta fimwea. Kadi haitajwi kabisa: imelegea, imezimwa kwenye BIOS, au imekufa. Jaribio la dakika kumi linakuokoa wiki ya kubahatisha. Nishauri jambo moja hapa: tumia toleo la karibuni. Debian, kwa mfano, ilianza kuweka fimwea zisizo huria kwenye flashi zake rasmi kuanzia toleo la 12, lililotoka mwaka 2023. Flashi ya toleo la nyuma yake inaweza kukuambia kadi mbovu kumbe ni fimwea tu haimo.

Uzuri wa pili ni diski. Ukiona kwenye `dmesg`, yaani ujumbe wa keneli, maneno kama `Buffer I/O error`, au `failed command: READ FPDMA QUEUED`, au `Remounting filesystem read-only`, acha kila kitu. Zima mashine, chomeka flashi, na usifanye lolote kabla ya hii:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Usidanganywe na neno `PASSED` lililo juu. Nimeshika diski zilizoandikwa hivyo huku faili zikipotea mbele ya macho. Shuka kwenye jedwali, tafuta namba 5, sekta zilizohamishwa. Namba 197, sekta zinazosubiri hukumu. Na namba 198, zilizoshindikana kusomwa. Zote zikiwa sifuri, diski ina afya kwa upande huo. Ikiwa 197 ina tarakimu na kesho imeongezeka, diski inakwenda. Namba 199 ni habari tofauti na njema zaidi: ikipanda, mshukiwa wa kwanza ni kebo ya SATA, si diski, na kebo ni rahisi kuliko diski popote uendapo. Kwa SSD za NVMe tazama `Percentage Used`, `Available Spare` na `Media and Data Integrity Errors`.

Diski ikionyesha dalili za kufa, usiendeshe `fsck`. Najua mkono unawasha. `fsck` hutengeneza ramani ya faili kwa kuandika, na kuandika kwenye diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo. Toa nakala kwanza, na chombo cha kazi hiyo ni `ddrescue`, cha mradi wa GNU. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake kinaitwa `gddrescue`. Mzunguko wa kwanza huchuma yaliyo mepesi na kuruka mabovu:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/nje/sda.img /mnt/nje/sda.map`

Mzunguko wa pili hurudi kwenye mapengo, badala ya `-n` unaweka `-r3`. Faili ya `.map` ndiyo kumbukumbu ya kazi: umeme ukikatika, ukirudia amri ileile inaendelea ilipoishia. Angalia mambo mawili kabla. Diski ya nje iwe na nafasi isiyopungua ukubwa wa diski nzima mbovu, hata kama mbovu ilikuwa na faili chache. Tena isiwe ya FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4. Baada ya hapo matengenezo yote, `fsck` ikiwemo, yafanyie kwenye nakala.

Na hata diski ikiwa nzima na unataka kunakili faili tu, ipandishe kwa `mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt`. Kusema `ro` peke yake hakutoshi kwa ext4, maana inaweza bado kuicheza shajara yake na hivyo kuandika. `noload` huizuia.

Uzuri wa tatu ni kuingia ndani ya mfumo uliogoma ukiwa nje yake. Hii ndiyo tiba ya `grub rescue>`, na ya mashine iliyokuwa na mifumo miwili kisha mmoja ukameza njia ya mwenzake:

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub
```

Namba za patisheni zako huenda si hizi. Amri ya `lsblk -f` itakuonyesha. Kwa mashine ya BIOS ya zamani mstari wa pili hauhitajiki, na `grub-install` hutajiwa diski, `/dev/sda`. Kosa linalofanyika sana ni kuwasha flashi kwa hali ya BIOS kwenye mashine iliyosakinishwa kwa UEFI. Hata amri zikipita, mashine bado itagoma. Kagua kwa `ls /sys/firmware/efi`: folda ikiwepo, uko kwenye UEFI.

Gharama yake ni bando na kifaa. Flashi ya Ubuntu ya mezani toleo la 24.04 ina zaidi ya GB 5. SystemRescue, inayotegemea Arch, ina karibu GB 1 na ndani yake mmeshawekwa `smartctl`, `ddrescue`, GParted na kipimo cha RAM, kwa hiyo kwa kazi hii ninaipendelea kuliko ya mezani. Ile ndogo ya Debian, `netinst`, haifiki GB 1, na wengi hawajui kwamba kwenye `Advanced options` zake kuna hali ya uokoaji inayokufanyia hiyo safari ya `chroot` kwa kukuuliza maswali.

## Kupiga upya: lini ni haki yake

Sitaki nieleweke kwamba ninaidharau. Kuna siku ndiyo njia pekee ya heshima.

Siku ya kwanza ni pale mtu mwingine alipoingia kwenye mashine yako bila ruhusa. Seva iliyovunjwa usiitengeneze. Huwezi kuamini hata amri ya `ls` iliyomo ndani yake. Okoa data kwa flashi, kagua unachookoa, jenga upya. Siku ya pili ni pale diski imebadilishwa, na hilo halihitaji maelezo. Siku ya tatu ni pale mfumo umepitwa na wakati kiasi kwamba hakuna masasisho ya usalama tena: CentOS Linux 7 iliachwa tarehe 30 Juni 2024, na kuendelea kuitibu ni kutia viraka kwenye nguo iliyooza. Kwa kompyuta kuukuu za biti 32 kumbuka kwamba Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena juu yake, kwa hiyo usipakue kabla ya kuhakikisha kichakataji chako ni cha biti 64.

Nje ya hapo, kabla ya kupiga upya, uwe umefanya haya: nakala ya `/home` pamoja na faili zilizofichwa zinazoanza na nukta, nakala ya `/etc`, hifadhidata zilizomo kwenye `/var/lib`, na orodha ya programu zako kwa `apt-mark showmanual > orodha.txt`. Ukisakinisha, iweke `/home` kwenye patisheni yake. Safari ijayo utaigusa `/` peke yake, na alama ya kufomati kwenye `/home` utaiacha wazi.

Watu huipenda njia hii kwa sababu muda wake unajulikana. Saa moja, mashine inawaka, mteja anaondoka. Ninachoomba ni kuhesabu vizuri: saa hiyo ni ya kusakinisha tu. Kurudisha printa, nywila za Wi-Fi, fonti, programu ya hesabu za duka na mipangilio aliyoijenga mtu kwa miaka huchukua siku, na siku hizo hulipwa na mwenye mashine.

## Ambayo hakuna njia kati ya hizi itakayoyatibu

RAM mbovu ndiyo bingwa wa kudanganya. Programu zinafungwa ovyo, leo kivinjari, kesho kihariri; usakinishaji unakwama asilimia tofauti kila mara. Kipimo cha haraka: toa `sha256sum` ya faili moja kubwa, kuliko RAM yako ikiwezekana, mara tatu. Majibu yakitofautiana, mashine haiwezi hata kusoma kitu kimoja sawasawa. Shuku RAM kwanza. Endesha Memtest86+ usiku kucha. Tangu toleo la 6 linawaka kwenye UEFI pia. Kosa moja jekundu linatosha. Ukiwa na vijiti viwili, chomoa kimoja kimoja upime tena.

Joto: mashine inazima ghafla ukifanya kazi nzito. Soma mwisho wa `journalctl -b -1`. Kuzima kwa kawaida huacha mistari ya kuaga, na wa mwisho husema jarida limesimamishwa. Ikiwa mistari inakatika katikati ya shughuli, umeme uliondoka bila mfumo kujua: joto, chaja, betri, au pawasaplai. `sensors` itakupa nyuzi, na kusafisha feni kwa hewa kutakupa mengi zaidi.

Na betri ndogo ya ubao, CR2032. Ikifa, saa inarudi miaka nyuma kila unapozima. Tovuti zote zinadai cheti si halali, `apt` inasema orodha `is not valid yet`, na wewe unahangaika na mtandao. Tazama `date` kabla ya yote. Nilikuta ofisi imeshapiga upya mashine mbili kwa ajili ya hilo.

## Kwa hiyo uchukue ipi?

Kwa upande wa bando, hali ya uokoaji haina gharama, flashi ina gharama ya mara moja, kupiga upya huanza na flashi hiyohiyo kisha kukaongeza masasisho na programu zote. Kwa hatari ya kupoteza faili, flashi ndiyo salama kuliko zote ukiitumia kwa kusoma tu, hali ya uokoaji ni salama diski ikiwa nzima, na kupiga upya ni salama ikiwa tu nakala ziko nje na umezifungua ukazihakikisha. Kwa ujuzi, hali ya uokoaji inadai zaidi ya nyingine maana ni amri tupu, ilhali flashi ya mezani inakupa madirisha unayoyajua na kivinjari cha kutafutia msaada palepale.

Mwanafunzi mwenye laptopu moja na tasnifu ndani yake: flashi kwanza, siku zote. Toa tasnifu nje, ndipo ujaribu mengine yote kwa moyo mtulivu. Anayesimamia seva ya ofisi au ya duka: hali ya uokoaji kama kosa limekuja baada ya badiliko unalolijua, sasisho la jana au mstari ulioongeza mwenyewe, flashi kama kosa limekuja lenyewe. Fundi wa mtaani: beba flashi mbili, moja ya SystemRescue na moja ya kusakinishia, na kabla ya kugusa mashine ya mtu piga picha ya kioo kwa simu. Ujumbe ule ukipotea huupati tena.

Na kama mashine iliyogoma ndiyo pekee uliyo nayo, bado hujakwama. Simu ya Android yenye kebo ya OTG, ile ya kuunganisha simu na flashi, inaweza kuandika flashi ya kuwashia kwa programu iitwayo EtchDroid, bila kuhitaji haki za root kwenye simu. Pakua ISO, yaani faili la mfumo wa flashi, chomeka flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokihitaji maana itafutwa yote, andika, kisha ihamishie kwenye laptopu na ubonyeze kitufe cha menyu ya kuwashia, ambacho kwa laptopu nyingi ni F12, F9 au Esc. Amri ya kwanza ukishaingia: `sudo smartctl -a /dev/sda`, au `/dev/nvme0` kama diski ni ya NVMe. Piga picha majibu yake kabla hujaendelea.